Shajara ya pampu ya Hombolo: injini inayozimika ikishapata moto

Jumamosi, 31 Mei 2025

Leo nimeipokea pampu ya mjomba kutoka shambani Hombolo, kilomita zipatazo 40 kutoka Dodoma mjini. Nimeamua kuandika kila hatua ya matengenezo yake tangu siku ya kwanza, kwa sababu mashine hii imekwisha kupita mikononi mwa watu wawili kabla yangu na hakuna aliyeacha hata mstari mmoja unaoeleza alichofungua, alichobadilisha au alichopima. Ni pampu ya maji ya inchi 2 inayoendeshwa na injini ya petroli ya Honda GX160, yenye silinda moja, mipigo minne na ujazo wa sentimita za ujazo 163. Tangi lake huchukua petroli lita 3.1, na chini ya injini huingia oili lita 0.6 tu, kiasi ambacho ni kidogo mno kuvumilia uzembe.

Mjomba ana ekari moja ya mizabibu. Aliipogoa mwanzoni mwa mwezi huu ili avune Septemba, na sasa machipukizi yametoka na maua yako njiani. Mvua za Dodoma zikishakoma Aprili, mkulima hana tone la kutegemea kutoka mbinguni hadi Desemba, kwa hiyo kwa sasa yeye na vijana wake wanamwagilia kwa ndoo kutoka kisima kifupi kilichochimbwa kwa mkono kando ya korongo. Nimeona mabega yao. Kazi hii haina nafasi ya kubahatisha.

Baada ya kusalimiana alinieleza ugonjwa wa mashine kwa maneno haya: "Mpwa wangu, asubuhi inawaka vizuri tu, ukivuta kamba mara tatu au nne. Ikishapata moto inasusa kama punda aliyeona mto. Utavuta mpaka bega lichoke, haikubali. Ukiiacha ikapoa, inawaka tena kana kwamba haikufanya kosa." Nilimwuliza kama huzimika ghafla au hufifia kwanza, akasema hufifia. Nilimwuliza kuhusu moshi, akasema hajauona mweusi wala wa bluu. Nilimwuliza ililala wapi wakati wa mvua, akasema ghalani, tangu Desemba, petroli ikiwa ndani ya tangi, na petroli anayoitumia sasa inatoka kwenye dumu lile lile la mwaka jana.

Kabla ya kushika spana nimeandika hali niliyoikuta. Plagi ni NGK BPR6ES, ambayo ndiyo inayotakiwa, lakini kauri yake ya ndani ni nyeupe kama chokaa badala ya rangi ya kahawia hafifu, dalili kwamba injini inapata petroli pungufu au inaungua kwa joto la kupita kiasi. Oili ni nyeusi, na nilipoimwaga nikapata kama lita 0.4. Ndani ya nyumba ya chujio la hewa hakuna chujio. Kuna kipande cha sponji ya godoro kilichokatwa kwa mkasi, ambacho kimeanza kusagika kuwa unga. Nimekaa nikikitazama kipande hicho kwa muda. Sponji ya godoro haijatengenezwa kuzuia vumbi, wala haivumilii mvuke wa petroli, na vumbi jekundu la Dodoma ni laini kiasi kwamba hupita hata kwenye mshono wa begi. Aliyeiweka huenda alitaka kusaidia, lakini kila saa ambayo injini imevuta hewa kupitia humo, imevuta na mchanga.

Jumapili, 1 Juni

Nimeanza na petroli, kwa kuwa kuichunguza hakugharimu kitu. Nilichukua tone moja kutoka kwenye dumu la mjomba na tone jingine kutoka kituo cha mafuta, nikayaweka kwenye karatasi nyeupe mbili kivulini. Tone jipya lilikauka bila kuacha alama. La zamani liliacha duara lenye ukungu wa manjano, na dumu lenyewe lilinuka kama rangi ya mafuta iliyochacha. Petroli iliyokaa miezi sita kwenye ghala la bati lenye joto huwa imepoteza sehemu zake nyepesi, ambazo ndizo zinazorahisisha kuwaka, na kinachobaki hugeuka polepole kuwa gundi inayoziba matundu membamba ya kabureta. Nimemwomba mjomba asiirudishe tena kwenye mashine yoyote.

Nilifunga koki ya petroli, nikafungua kikombe cha mashapo kilicho chini yake na kukuta mchanga pamoja na tone la maji. Kisha nikachomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, nikaufungulia juu ya gilasi, na petroli ikatiririka bila kukatika, kwa hiyo tangi na koki havina kosa. Bakuli la kabureta lilikuwa na utando wa rangi ya chai. Jeti kuu, kipande cha shaba chenye tundu jembamba linalopima petroli, nilipoielekeza kwenye mwanga wa dirisha, ilionyesha mwezi mwembamba badala ya tundu la mviringo, na jeti ndogo ya mwendo wa chini haikuonyesha mwanga kabisa.

Hapa nataka kusisitiza jambo ambalo nimeliona likiharibu kabureta nyingi. Jeti haichokonolewi kwa sindano ya cherehani wala kwa waya wa chuma, kwa sababu shaba hukwaruzika kirahisi, na tundu likiongezeka hata kidogo kipimo cha petroli kinaharibika moja kwa moja. Nilitumia uzi mmoja wa shaba uliotoka ndani ya waya wa umeme, baada ya kuloweka jeti kwa petroli safi, na kumalizia kwa hewa ya pampu ya baiskeli. Kijana mmoja jirani, ambaye ni fundi wa pikipiki na ana mkono mzuri, alishauri tupanue jeti kuu kidogo kwa kuwa Dodoma iko juu na hewa ni nyepesi. Nilimweleza kwa heshima kwamba mambo ni kinyume chake: hewa ikiwa nyepesi, injini inahitaji petroli pungufu zaidi, si nyingi zaidi, na hata mtengenezaji hashauri kubadilisha jeti mpaka mtu avuke mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Dodoma iko kwenye mita 1,100 na ushee. Tukaacha jeti kama ilivyotoka kiwandani.

Jumatano, 4 Juni

Nimefunga kabureta, nimeweka oili mpya ya SAE 10W-30 hadi ukingo wa tundu la kujazia injini ikiwa imekaa sawa, na plagi mpya yenye nafasi ya milimita 0.75. Kwa muda tu nimefunga kitambaa cha pamba kwenye nyumba ya chujio.

Pampu hii haipaswi kuzungushwa ikiwa kavu, kwa kuwa sili, yaani kizibo cha kuzuia uvujaji, iliyo kati ya injini na pangaboi hupozwa na maji yenyewe na huungua kwa muda mfupi yasipokuwepo. Kwa hiyo nilijaza maji kwenye tumbo la pampu, nikatumbukiza mpira wa kunyonya kwenye pipa la lita 200 na kuurudisha wa kutolea kwenye pipa lile lile. Injini iliwaka kwa mvuto wa pili. Mwendo wake haupandi na kushuka wenyewe, tabia ambayo huonyesha petroli haitoshi na gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, inahangaika kuifidia. Niliiacha ikimbie kwa dakika nane, nikaizima, ikawaka tena. Nilimpigia mjomba simu na kumwambia imepona.

Jumamosi, 7 Juni

Haikupona. Nimeona ni haki kuandika hivyo mwanzoni mwa taarifa ya leo, kwa sababu kosa lilikuwa langu: niliijaribu kwa dakika nane, ikiwa na mzigo mdogo, kivulini, wakati ugonjwa nilioelezwa ni wa mashine iliyokwisha kupata moto.

Leo nimeipeleka kisimani. Maji yako mita tano chini ya pampu, na kutoka hapo yanapanda kwa mpira hadi kichwa cha shamba. Iliwaka, ikavuta maji vizuri, na vijana wakashangilia. Dakika ya 16 sauti ilianza kulegea. Dakika ya 19 ilizimika, na kama mjomba alivyosema, kamba haikusaidia chochote.

Hapo ndipo kazi halisi ilipoanza, kwa sababu hitilafu inayokuja na joto hutafutwa joto likiwapo. Ukiisubiri injini ipoe ndipo ufungue, utakuta kila kitu kizima na utaishia kununua vipuri kwa kukisia. Nilikuwa nimeandaa orodha ya vinavyoweza kuzima injini ikiwa na moto, nikavifuata kimoja baada ya kingine huku saa ikiwa mkononi.

La kwanza lilikuwa kifuniko cha tangi. Tundu lake la kupumulia likiziba, tangi hujenga ombwe kadiri petroli inavyoshuka, na baada ya robo saa hivi petroli huacha kutiririka. Nilikilegeza, hakuna mlio wa hewa kuingia, na injini haikuwaka. Nikalegeza skrubu ya kumwagia chini ya bakuli la kabureta, petroli ikatoka kwa wingi. Petroli ipo.

La pili lilikuwa cheche. Koili, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, nyingi huvunjika moyo zikipata joto na kurudi zikipoa, na watu wengi pale kisimani walikuwa na hakika kwamba ndilo tatizo. Nilichomoa plagi kwa kitambaa, nikafuta petroli iliyomwagika, nikaivika plagi kofia yake na kuigusisha chuma cha injini mbali na tundu lake, kisha nikaomba kijana mmoja afunike kwa khanga ili tupate kivuli, kwani jua la saa sita lilikuwa linaimeza cheche yoyote. Cheche ilikuwa ya bluu na yenye nguvu, kila mvuto. Jambo hili liliniondolea na mashaka mengine: injini hii ina swichi ya oili ambayo hukata moto oili ikipungua au mashine ikiinama sana, na mtu akiitega pampu kwenye mteremko wa kisima inaweza kumzimia hata kama oili imejaa. Lakini swichi hiyo hufanya kazi kwa kuua cheche, na cheche ilikuwepo.

Petroli ipo, cheche ipo, injini haiwaki. Kinachobaki ni mgandamizo, ambao mafundi huuita kompresheni. Kamba ilikuwa laini sana mkononi, lakini kamba si shahidi wa kutegemewa kwenye injini hii, kwa kuwa kwenye kemshafti yake, shafti inayofungua valvu, kuna kifaa kidogo kinachoinua kidogo valvu ya moshi wakati wa kuwasha ili mvuto uwe mwepesi. Nilifungua boliti tatu za nyumba ya kamba, nikarudisha plagi, nikazungusha flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, kwa mkono kinyumenyume. Kwa upande huo kifaa kile hakiingilii, na injini yenye afya hukataa na kukurudisha nyuma kama springi. Hii haikukataa. Ilipita juu kwa mnong'ono tu. Nilirudia kila baada ya dakika tano. Baada ya dakika 35, nilipoweza kuweka kiganja kwenye kichwa cha silinda bila kuungua, flaiwili ilianza kukataa tena.

Nilikaa chini ya mgunga ulio pale kando ya korongo na kunywa maji. Sasa tulikuwa na jina la ugonjwa, ingawa hatujajua kiini chake.

Jumapili, 8 Juni

Nimeifungua injini alfajiri, ikiwa baridi kabisa, kwani vipimo vya valvu huchukuliwa kwa injini baridi.

Nilipoondoa kofia ya feni nilikutana na jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kutazamwa. Feni ya flaiwili husukuma hewa kupita kwenye mapezi ya silinda, na hiyo ndiyo njia pekee ya kupooza injini ndogo isiyo na maji. Mapezi yote ya upande wa juu yalikuwa yamezibwa na tope gumu: nyigu walijenga viota viwili wakati wa mvua, na juu yake majani makavu, vumbi na oili vikashikana kuwa kitu kimoja kama udongo wa tembe. Nilivunja kwa kijiti cha mti, nikapiga mswaki, nikajaza kopo zima la takataka. Injini hii ilikuwa inapikwa. Ukiunganisha mapezi yaliyozibwa na kabureta iliyokuwa ikitoa petroli pungufu, ambayo huungua kwa joto kali zaidi, huhitaji kuuliza valvu ya moshi imepitia nini.

Nilifungua kifuniko cha valvu chenye boliti nne, nikazungusha mpaka pistoni ilipofika kikomo cha juu cha mpigo wa kugandamiza, ambapo roka zote mbili, vyuma vinavyosukuma valvu zifunguke, zinapaswa kuwa na uhuru kidogo. Valvu ya kuingiza inatakiwa kuwa na nafasi ya milimita 0.15, nami nikapata 0.13. Valvu ya moshi inatakiwa kuwa na milimita 0.20. Nilijaribu bamba la fila, kipande chembamba cha chuma cha kupimia nafasi, la 0.15 likakataa, la 0.10 likakataa, na la 0.05 likakataa vilevile. Hakukuwa na nafasi.

Maana yake ni hii. Shina la valvu ya moshi hurefuka linapopata joto, na ile nafasi ya milimita 0.20 imewekwa ili urefu huo upate pa kwenda. Nafasi isipokuwepo, shina likirefuka roka huizuia valvu isifunge hadi mwisho, hewa inayogandamizwa inavuja, nguvu inafifia na hatimaye injini inazimika. Ikipoa shina hufupika, valvu inafunga, na mashine inawaka kana kwamba haikufanya kosa. Tena uvujaji huo huo hupitisha moto ukingoni mwa valvu na kuuchoma, na kadiri valvu na kiti chake vinavyolika ndivyo valvu inavyopanda kuelekea roka, na nafasi kuzidi kupungua. Vumbi la sponji ya godoro liliharakisha yote hayo.

Nilirekebisha nafasi zote mbili, kisha nikapima kama valvu yenyewe bado inaziba. Kipimo chake nilikitengeneza kwa plagi ya zamani: nilivunja kauri yake, nikamwomba fundi wa kuchomelea achomelee mdomo wa tyubu ya baiskeli kwenye ganda lililobaki, na sasa ninaweza kusukuma hewa ndani ya silinda kwa pampu ya baiskeli. Pistoni ikiwa kikomo cha juu na kijana ameshikilia flaiwili isizunguke, husikilizwa sehemu tatu. Hewa ikisikika kwenye kabureta, valvu ya kuingiza inavuja. Ikisikika kwenye tundu la oili, ni ringi za pistoni. Ikisikika kwenye ekzosi, ni valvu ya moshi. Tundu la oili lilitoa pumzi hafifu tu, ambayo kwa injini iliyofanya kazi si jambo la kutisha. Kwenye ekzosi, hata baada ya kurekebisha nafasi, povu la sabuni liliendelea kuchemka.

Kwa hiyo kichwa cha silinda lazima kifunguliwe. Lakini mjomba aliniuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anaharakisha, kama mizabibu ingeweza kupata maji japo mara moja kabla ya hapo. Nilipima faida na hasara. Valvu inayovuja huzidi kuungua kwa kila saa, lakini valvu ile tayari ilikuwa ya kubadilishwa, na maua hayangoji. Nikafunga kila kitu, tukaiendesha kwa mwendo wa kati kwa dakika 50, ikiwa dhaifu lakini bila kuzimika, na nusu ya shamba ikapata maji. Naamini ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa nisingemshauri mtu aufanye mara ya pili.

Jumanne, 10 Juni

Nimenunua vipuri mjini, kwenye maduka ya jirani na Soko la Majengo: valvu ya moshi, gasketi ya kichwa, gasketi ya kifuniko cha valvu, pasta ya kusagia valvu, na chujio la hewa kamili lenye sponji yake ya nje na karatasi ya ndani. Nilikwenda na gasketi ya zamani mkononi, nikailaza juu ya mpya tundu kwa tundu, kwani kuna injini nyingi zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa ujazo, na gasketi isiyolingana hugunduliwa baada ya pesa kutoka.

Jumamosi, 14 Juni

Kichwa kimefunguliwa. Masizi meupe na magumu yalikuwa yamejaa upande wa valvu ya moshi, na ukingo wa valvu yenyewe ulikuwa na njia iliyoungua yenye upana wa ukucha wa kidole kidogo. Kiti chake, ambacho kikiwa kipya kina upana wa milimita 0.8, kilikaribia milimita moja na nusu, ndani ya kiasi kinachovumilika. Juu ya pistoni hapakuwa na mikwaruzo mirefu, na ukuta wa silinda bado ulionyesha mistari ya kiwandani sehemu kubwa, kwa hiyo sikugusa ringi wala sehemu ya chini. Sifungui kisichodai kufunguliwa.

Kuondoa springi kwenye kichwa hiki hakuhitaji kifaa maalumu: unakandamiza kishikizo kwa vidole gumba viwili na kukisukuma upande mpaka tundu lake pana lifikie shina. Lakini valvu ya moshi ina kofia ndogo ya chuma iliyoketi tu juu ya shina, bila kufungwa na chochote, na mtu asiyejua huikosa. Nilijua, na bado ilinidondoka nilipogeuza kichwa, ikazama kwenye mchanga wa uani. Bila kofia hiyo nafasi ya valvu haiwezi kupimwa. Tulitafuta kwa vidole kwa zaidi ya nusu saa, mpaka binti wa jirani alipoleta sumaku ya spika mbovu. Tukaipitisha juu ya mchanga ndani ya mfuko wa plastiki, na mara ya tatu ikaibuka nayo. Tangu sasa natandika kitambaa cheupe kabla ya kufungua kichwa chochote.

Kusaga valvu ni kazi ya subira. Nilivika kipande cha mpira wa petroli kwenye mwisho wa shina, nikapaka pasta kidogo ukingoni, na kuzungusha mbele na nyuma kwa viganja kama mtu anayepekecha moto, nikiinua na kugeuza valvu kila baada ya mizunguko michache ili isichimbe sehemu moja. Baada ya dakika ishirini hivi pete ya kijivu ilijitokeza, nyembamba, isiyokatika popote. Nikaosha pasta yote, kwa sababu chembe yake ikibaki itaendelea kusaga mahali pasipotakiwa, nikapachika springi, nikageuza kichwa na kumimina petroli kwenye tundu la ekzosi. Nilisubiri dakika kumi. Upande wa chini ulibaki mkavu.

Boliti nne za kichwa nimezikaza kwa msalaba katika hatua tatu, hadi Nyutonimita 24, kwa spana ya kupimia niliyoazima gereji. Nafasi za valvu nimeziweka mwisho kabisa, baada ya kukaza, kwa kuwa kusaga huzamisha valvu ndani zaidi ya kiti na kubadilisha kipimo chochote cha awali: 0.15 kwa kuingiza, 0.20 kwa moshi.

Jumapili, 15 Juni

Kisimani tena, saa tatu asubuhi. Kabla ya kuwasha nilizungusha flaiwili kinyumenyume, ikanirudisha kwa nguvu mpaka nikatabasamu. Iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Dakika ya 19 ilifika, tukiwa wote kimya tunaitazama saa, ikapita. Tuliizima kwa makusudi kwenye dakika ya 60, ikiwa na moto wake wote, na mjomba mwenyewe akavuta kamba. Ikawaka. Akanipa mkono bila kusema neno.

Imefanya kazi saa moja na dakika 40 na shamba lote limepata maji. Pipa la lita 200 lilijaa kwa sekunde 38, yaani lita zipatazo 315 kwa dakika. Aliyesoma kwenye karatasi ya pampu kwamba hutoa lita 600 asishtuke, kwani kiasi hicho hupatikana pampu isipoinua maji kutoka chini wala kuyapandisha popote. Tena hapa kwetu shinikizo la hewa, ambalo ndilo linalosukuma maji kupanda kwenye mpira wa kunyonya, ni pungufu kuliko pwani: penye usawa wa bahari ukomo wa kinadharia ni kama mita 10.3, na kwenye mwinuko wa Dodoma ni mita 9 hivi, nazo hupungua zaidi mpira ukiwa na mkunjo au kiungo kinachovuta hewa. Nimemwomba mjomba, kina cha maji kikishuka Septemba, asogeze pampu chini karibu na maji kuliko kurefusha mpira. Ila asiishushe ndani ya kisima chenyewe, kwa sababu moshi wa ekzosi hujaa humo na huua mtu bila kumpa onyo.

Jumamosi, 28 Juni

Injini imefikisha saa 21 tangu matengenezo, nami nimerudi kuipima kama nilivyopanga, kwa kuwa kiti kilichosagwa hukaa sawa katika saa za mwanzo. Valvu ya kuingiza ni 0.15. Ya moshi imeshuka hadi 0.18, ndani ya kiwango, lakini nimeirudisha 0.20. Kauri ya plagi sasa ni ya rangi ya kahawia kama maganda ya karanga. Nimemwaga oili mapema, kabla ya saa 100 za kawaida, ili kutoa mabaki yoyote ya pasta na mchanga wa zamani. Ilitoka nyeusi lakini laini, bila chembe kati ya vidole.

Sponji ya nje ya chujio ilikuwa imeshika vumbi jekundu zito, na karatasi ya ndani ilikuwa safi, jambo linaloonyesha kila moja inafanya kazi yake. Nimemfundisha kijana wa mjomba kuosha sponji kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kuikausha, kuilowesha kwa oili safi na kuikamua sana. Karatasi hukung'utwa tu na haioshwi. Atafanya hivyo kila wiki badala ya kusubiri saa 50, kwa sababu ya barabara ya vumbi inayopita kando ya shamba. Kwenye kifuniko cha feni nimeandika kwa rangi nyeupe tarehe ya leo na nafasi mbili za valvu, ili fundi atakayefuata asianze gizani kama mimi. Mvua zikianza Desemba, petroli itamwagwa yote, hadi iliyo ndani ya bakuli la kabureta, na mashine itafunikwa gunia ili nyigu wasipate mlango.

Linalobaki ni sili ya pampu, ambayo inatoa tone moja kila baada ya dakika kadhaa kwenye tundu la chini. Haijafikia oili wala haipunguzi maji, kwa hiyo nitaifungua baada ya mavuno ya Septemba.